Sikio la Pili

Binti yangu mkubwa aliishi miaka minne na nusu na tundu moja la sikio. Kushoto alivaa hereni, kijiduara cha dhahabu alichopewa na bibi yake. Kulia palikuwa patupu. Mjomba wake alimbandika jina la Sikio Moja, naye akalipokea bila kinyongo. Lakini ukitaja saluni tu, viganja vyote viwili vilipanda masikioni, kama vya mtu aliyeona umeme na sasa anasubiri radi.

Kosa lilikuwa langu. Nalieleza lilivyokuwa kwa sababu nimewasikia wazazi wengi wakilirudia karibu neno kwa neno. Mtoto alikuwa na miaka mitano na nusu. Ilikuwa Jumamosi, Kariakoo, saluni imejaa, redio inaimba, na dada wa mashine mchangamfu, mwenye ulimi mtamu kwa watoto. Njia nzima mwanangu alikuwa ameniuliza swali moja: "Mama, inauma?" Nami nilimjibu mara kumi na kitu, kila mara kwa sauti laini zaidi: "Haiumi, mwanangu. Kama mbu tu." Dada naye akaongeza lake: "Tunahesabu mpaka tatu, sawa mama? Ukisikia tatu, tumemaliza." Akahesabu moja. Akahesabu mbili, na mashine ikalia palepale kwenye mbili.

Hakulia mara moja. Kwanza alinitazama mimi, wala si yule dada, akasema, "Umesema haiumi." Ndipo akalia.

Yaliyofuata sipendi kuyakumbuka. "Mshikeni, mshikeni, bado moja tu," dada akasema, na tukamshika. Mimi mikono, msaidizi kichwa. Mteja mmoja aliyekuwa anasukwa akanyanyuka na nywele zake nusu kichwa, akaja kushika miguu. Nikainua macho nikatuona kwenye kioo cha ukutani: wanawake wanne juu ya mtoto wa chekechea. Nikasema basi. Nililipa bei kamili, hereni ya pili nikaitia kwenye pochi, ikakaa humo.

Sikio la kwanza halijui kitu. Mtoto yeyote unaweza kumtoga sikio la kwanza kwa kumshtukiza, na wengi ndivyo tulivyotogwa. Sikio la pili ndilo linalojua. Uliyomwambia mtoto kabla, uliyomfanyia, uliyomficha, yote unayakuta pale kwenye la pili, katika ile nusu dakika mashine inapozunguka kutoka upande mmoja wa kichwa kwenda upande wa pili.

Tuanze na maumivu yenyewe, maana ukiyapima vizuri utaona si makubwa. Ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, haina gegedu. Ni mafuta, ngozi na nyuzinyuzi, na neva yake inatokea shingoni. Sindano au hereni ikipita, mtoto husikia mbano mkali wa kitambo kidogo, kisha joto linalotambaa sikioni kwa dakika kadhaa, kisha kijiuchungu cha mbali kinachokwisha siku hiyo hiyo au ya pili. Mtoto akijigonga kidole cha mguu kwenye stuli huumia zaidi ya hapo, lakini hatumwoni akiiogopa stuli miaka minne.

Tofauti ni kwamba stuli haikumwahidi kitu, wala hakuiwaza usiku kucha.

Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walichapisha nadharia iliyobadilisha namna madaktari wanavyoyatazama maumivu. Walisema kwenye uti wa mgongo kuna kitu kinachofanya kazi kama lango. Habari za maumivu hupitia hapo kwenda kwenye ubongo, na lango hilo linaweza kufunguka zaidi au kubanwa. Mguso hulibana. Ndiyo sababu ukijigonga kiwiko mkono wako wa pili unakwenda kukisugua kabla hujafikiri. Na ubongo wenyewe hutuma amri kutoka juu: hofu na kulikodolea jambo macho hulifungua, kushughulishwa na kitu kingine hulifunga. Kwa hiyo mama anayesema "mtoto analia woga tu, siyo maumivu" anatenganisha vitu ambavyo mwili hauvitenganishi. Mtoto mwenye hofu anaumia kweli zaidi, kwa sindano ile ile.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulikubali. Watafiti waliowachunguza watoto wakichomwa sindano, hasa Kanada na Marekani, wamekuta kwamba maneno yetu ya kubembeleza, "usiogope", "pole, pole", "itakwisha sasa hivi", mara nyingi huenda pamoja na kilio kikubwa zaidi, wala hayakipunguzi. Linashangaza mpaka ujiweke kwenye kiti cha mtoto. Lini mama husema "usiogope"? Husema pakiwa na cha kuogopa. Hajakuambia usiogope ulipokuwa unakunywa uji. Kwa hiyo ukisikia "usiogope" kwa ile sauti nyembamba ya mama, unajua mama naye ameogopa, na kama mama ameogopa basi jambo ni zito. Watoto husoma sauti kabla ya maneno.

Wala sisemi tukae kimya kama mawe. Pole ina mahali pake, na mahali pake ni baada ya kuumia. Kabla ya kuumia, mtoto anahitaji habari, halafu anahitaji kazi ya kufanya.

Habari ni fupi. "Itauma. Itakubana kama kidole kwenye mlango wa kabati, halafu sikio litakuwa la moto. Utahesabu mpaka ishirini na joto litaanza kupungua." Mtoto wa miaka minne mwambie asubuhi ile ile, kwa sababu ukimwambia wiki nzima kabla unampa wiki nzima ya kuogopa. Wa miaka saba au minane mwambie siku moja mbili kabla, maana ana maswali na anataka muda wa kuyauliza. Akiuliza mara ya kumi mjibu jibu lile lile la kwanza. Jibu lako likibadilika na kuwa tamu zaidi, amekukamata.

Bibi yangu mzaa mama, wa Ngamiani, Tanga, angeyacheka haya yote. Kwake lilikuwa suala la umri tu: mtoge mtoto angali mchanga, hatakumbuka. Na ukimwambia unaogopa kilio chake alikujibu kwa ile methali yao, mchelea mwana kulia hulia yeye. Alitoga wajukuu na watoto wa jirani kwa sindano ya kushonea na uzi, mafuta ya nazi kwenye kikombe cha kahawa. Desturi yenyewe ni ya zamani pwani. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, ameieleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886: watoto wa kike wanatogwa wakiwa wachanga kabisa, matundu kama sita kila sikio, kwa sindano na uzi mwekundu wa hariri. Matundu sita, mara mbili!

Je, kweli mchanga hakumbuki? Zamani hata hospitalini waliamini kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu sawasawa, na baadhi ya vichanga vilipasuliwa vikiwa na ganzi kidogo mno. Mwaka 1987, K. J. S. Anand na mwenzake Hickey walichapisha makala katika jarida la tiba la New England wakionyesha kwamba njia za maumivu za mtoto mchanga zinafanya kazi na mwili wake unatikisika vilivyo. Miaka kumi baadaye, Anna Taddio wa Toronto alionyesha kwamba watoto wa kiume waliotahiriwa bila ganzi walilia zaidi walipochomwa chanjo wakiwa na miezi minne na sita kuliko wasiotahiriwa. Hakuna aliyewauliza wanakumbuka nini. Miili yao ilikuwa imekumbuka.

Lakini bibi yangu alikuwa na jambo moja ambalo hata Toronto wangelipigia makofi. Hakumtoga mtoto bila mama yake kumweka titini kwanza. "Mpe, anyonye, akolee," alisema, akangoja mpaka aone taya linakwenda na macho yanalegea, ndipo sindano ikapita. Leo tunajua kwamba kunyonya wakati wa kuchomwa ni miongoni mwa vitulizo bora kabisa kwa kichanga: utamu wa maziwa, joto la ngozi, mdomo ulio kazini, harufu ya mama, vyote vinakwenda kulibana lile lango kwa pamoja. Wodi nyingi za watoto hutumia matone ya maji ya sukari kwa kazi hiyo hiyo. Asali, hapana, hata kidole kimoja, kwa mtoto asiyetimiza mwaka. Inaweza kubeba vijidudu vinavyompoozesha.

Ugomvi wangu na bibi ulikuwa wa kalenda. Yeye alipenda kutoga arobaini ikimalizika. Sasa hesabu: sindano ya kwanza ya chanjo yenye kinga ya pepopunda huja wiki ya 6, yaani siku ya 42, halafu wiki ya 10 na ya 14. Arobaini inakwisha siku mbili kabla ya ile ya kwanza. Mama aliyechanjwa wakati wa ujauzito humpa mtoto wake kinga ya muda, lakini ukiwa na nafasi ya kusubiri, subiri mpaka baada ya wiki ya 14. Kichanga cha miezi minne bado kinanyonya vizuri, na mikono yake bado haijajifunza kuvuta hereni. Bibi alisema nimesoma sana. Akasubiri lakini, na mdogo wake Sikio Moja akatogwa masikio yote mawili titini, dispensari, na nesi, akitoa vilio viwili vifupi kama vya mwana-mbuzi.

Umri ninaouogopa mimi ni kati ya mwaka mmoja na mitatu. Hapo mtoto anajua kuumia ila hajui kwa nini, ana nguvu za kukataa ila hana maneno ya kupatana. Kama ulipitwa na uchanga, pumzika. Muache afike mahali ambapo yeye mwenyewe anasimama mbele ya kioo na kujishika masikio, akitamani za dada yake. Shirika la madaktari wa watoto wa Marekani linapendelea mtoto afikie umri wa kulitunza sikio lake mwenyewe, na mimi, baada ya yale ya Kariakoo, sina la kubishana nao.

Sasa vifaa. Ipo krimu ya ganzi ya lidokaini na prilokaini, unapaka kiasi kidogo kwenye ndewe mbele na nyuma, unafunika kwa nailoni, unasubiri saa nzima. Saa nzima kweli. Ukipaka mkiwa kwenye bajaji na kufika baada ya dakika kumi na tano, umepaka mafuta tu. Inapunguza ule mkato wa ngozi, ingawa msukumo mtoto bado atausikia, basi mwambie hivyo. Kwa mtoto mchanga usiiguse bila kumwuliza daktari, kwani prilokaini ikizidi hupunguza uwezo wa damu kubeba oksijeni. Wala usipake kwenye ngozi yenye kidonda. Dawa ya kumeza, kama unataka kumpa paracetamol, mpe kwa uzito wake, nusu saa hivi kabla. Aspirini si dawa ya watoto, iache kabatini.

Barafu ni ya bure na husaidia kiasi. Ifunge kwenye kitambaa safi, mshikie dakika moja au mbili, kisha kausha. Lakini fanya hivyo kabla ya kuwekwa ile alama ya kalamu, siyo baada. Nimeona alama ikiyeyuka na maji ya barafu, anayetoga akakisia, na mtoto akakua na hereni moja inatazama shavu. Wengine hawapendi barafu kabisa kwa sababu ndewe inakakamaa. Muulize anayetoga kabla hujaanza.

Halafu mlio. Watu wazima hatuukumbuki, lakini ile mashine ya springi hulia sentimita chache kutoka kwenye tundu la sikio, na watoto kadhaa wameniambia kilichowatisha ni ule mlio kuliko mchomo. Mashine hiyo ina aibu nyingine: mwili wake mara nyingi ni wa plastiki, hauwezi kuingia kwenye mvuke wa kuulia vijidudu, na badala ya kukata kwa ncha kali inaisukuma hereni butu ipite kwa nguvu. Mimi ningechagua sindano ya kutumika mara moja mikononi mwa nesi au fundi anayejua. La sivyo, ziko mashine za siku hizi ambazo kila hereni huja na kijisanduku chake kilichofungwa, hubanwa taratibu kwa mkono na hazipigi kelele. Mkikuta ile ya zamani tu, mwombe aipige hewani kwanza, mbali, mtoto ausikie mlio wake akiwa salama. Mara mbili. Mara ya pili huwa wanacheka.

Na hiyo mashine isikaribie gegedu, pale juu ya sikio ambapo wasichana wakubwa wanapapenda. Mwaka 2000, kwenye kibanda kimoja jimboni Oregon, Marekani, baadhi ya waliotobolewa gegedu kwa mashine walipata maambukizi mabaya, wengine wakalazwa na kupasuliwa, masikio yakaharibika umbo. Bakteria walikutwa kwenye chupa ya dawa iliyotakiwa kuwaua.

Mkao ni nusu ya kazi. Mtoto anayelazwa chali na kushikiliwa huona vita hata kabla hajaguswa. Mkalishe mapajani, mgongo wake kifuani kwako, mikono yako imemzunguka juu ya mikono yake, kama mnavyokaa kwenye daladala. Hapo umemshika vya kutosha asiruke, lakini yeye anaona amekumbatiwa. Simu yenye katuni aipendayo isimame mbele yake usawa wa macho, isiwe mapajani, maana akiinama ndewe nayo inainama. Muuguzi mmoja rafiki yangu hutumia wimbo: mtoto anachagua wimbo, wanauimba wote, na kazi inafanyika kwenye kiitikio.

Kwa mtoto asiyetaka katuni, mpe pumzi. Mwambie apulize polepole kama anapoza uji, bila kutikisa kichwa. Kuna utafiti mzuri kuhusu kukohoa, kwamba mtu akikohoa sindano inapoingia mkononi huumia kidogo kuliko asiyekohoa. Ni kweli, lakini usiuchukue ukauleta sikioni! Kikohozi ni kichwa kuruka. Vidole vya miguu ndivyo vya kuchezesha, avikunje na kuvikunjua ndani ya kandambili.

Mpe pia mambo ya kuamua, madogo lakini ya kweli. Hereni ipi. Sikio lipi lianze. Kuhesabu au kutohesabu. Aione ile alama ya kalamu kwenye kioo na aseme "hapo sawa" au "shusha kidogo". Usimwulize "tutoge au tusitoge?" kama umeshaamua jibu. Na akisema tusimame, msimame. Mtoto aliyesimamishiwa kazi mara moja huwa mwepesi zaidi kurudi kwenye kiti kuliko aliyeshikwa.

Wako wanaoshauri watu wawili watoge masikio yote mawili kwa mpigo mmoja, ili lile la pili lisipate nafasi ya kujua. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano ni hila nzuri, na ningeikubali kama wote wawili wana mkono wa kazi. Tatizo ni kwamba mara nyingi mmoja wao ni mwanafunzi.

Kuhusu matunzo nitapita haraka, kwa kuwa hapo kinachouma ni uzembe zaidi. Hereni ya kwanza iwe ya titani au dhahabu halisi. Zile za rangirangi za barabarani zina nikeli na ngozi nyingi huikataa. Maji yaliyochemshwa yakapoa, glasi moja na robo kijiko cha chai cha chumvi, pamba safi, asubuhi na jioni, baada ya kunawa mikono. Spiriti iache, inachoma na inakausha ngozi inayojaribu kupona. Ule ushauri wa kuizungusha hereni kila siku umepitwa na wakati, kila ukizungusha unachana kidonda. Kikufuli cha nyuma kisibane, kwa sababu ndewe itavimba siku za mwanzo na inaweza kukimeza. Uvimbe unaozidi, joto, usaha au homa ni vya kupelekwa hospitali, siyo vya tangawizi.

Na chagueni likizo. Tundu la ndewe linataka wiki sita hivi kabla hereni haijaguswa, na shule nyingi haziruhusu hereni. Kwa hiyo mtoto aliyetogwa Jumapili ya mwisho ya likizo Jumatatu anaingia darasani na njiti ya ufagio kwenye kidonda ili tundu lisizibe. Njiti ile ile iliyofagia uwanja. Tundu la siku ya kwanza ya likizo linakaribia kupona shule zikifunguliwa, na kwa siku zinazobaki ukazungumze na mwalimu. Suka nywele kabla ya kutoga, siyo baada, na ushungi ufungwe kwa upole. Vuta moja ya sweta la shule inarudisha maumivu yote upya.

Ni kovu lililonirudisha kwenye sikio la binti yangu. Kwetu yupo shangazi ambaye ndewe yake ina keloidi kubwa kama kunde, na sisi wenye ngozi nyeusi tunalipata kovu la namna hiyo zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulikuta kwamba waliotogwa wakiwa na miaka 11 au zaidi walilipata kwa wingi kuliko waliotogwa mapema. Binti alikuwa na miaka kumi. Nilimwambia hivyo hivyo, na nikamwambia pia kwamba kuishi na tundu moja si ugonjwa. Sikumwambia achague lini.

Wiki mbili zikapita. Jioni moja nikiwa napepeta mchele akaja akasimama mlangoni. "Mama, nataka la kulia. Lakini siyo saluni. Na wewe usiseme kitu."

Tulikwenda dispensari siku ya kwanza ya likizo ya Desemba, krimu imekaa saa nzima chini ya kipande cha nailoni. "Shikamoo anti," akamwambia nesi. "Utahesabu mpaka tatu?"

"Marahaba. Ukitaka nitahesabu."

"Tatu iwe tatu."

Nesi akaniangalia. Sikusema kitu, nilikuwa nimekatazwa. "Tatu itakuwa tatu," akasema.

"Itauma?"

"Itauma kidogo hapa, halafu patakuwa pa moto. Hiyo krimu itapunguza, haitamaliza."

Akakaa mapajani kwangu, miguu yake mirefu imefika sakafuni, akaanza kupoza uji. Nesi akahesabu moja. Akahesabu mbili, na kwenye mbili nilihisi mgongo wake mzima ukigeuka ubao kifuani mwangu. Nesi akanyamaza kidogo, akangoja ubao ule ulegee, akasema tatu.

Machozi yalitoka, mawili matatu, bila sauti. Akajitazama kwenye kioo kidogo, kushoto, kulia, kushoto tena.

"Hili limeuma kuliko lile," akasema.

"Limeuma?"

"Limeuma kabisa."

Ile hereni ya kwenye pochi ilibidi isubiri wiki sita nyingine. Tulipofika kituoni akaniomba simu, akapiga, akaiweka kwenye sikio la kushoto kwa uangalifu mkubwa, na kabla hata ya salamu nikamsikia: "Mjomba, nitafutie jina jingine."